Sir Albert Cook, Daktari wa Mengo (1870–1951)

Madaktari waliopita katika nchi za Afrika ya Mashariki ni wengi, na wengi wao wamekwisha sahauliwa. Lakini Uganda hata leo watu hulitaja jina la Sir Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo, na jina la mkewe, Lady Katharine Cook, aliyeanzisha pamoja naye shule ya wakunga. Habari zao zafaa kujulikana na sisi tulio pwani ya Tanga pia, maana jambo walilolishughulikia ni letu sote: mama aingiaye katika uchungu atoke salama, yeye na mtoto wake.

Albert Ruskin Cook alizaliwa Hampstead, London, tarehe 22 Machi 1870. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akajifunza udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's, London. Alikuwa mtu wa dini, na mwaka 1896 alijiunga na chama cha misioni cha C.M.S., akatumwa Uganda. Wakati huo reli ya kutoka Mombasa ndiyo kwanza imeanza kujengwa, kwa hiyo safari ya bara ilikuwa ya miguu, kwa msafara, na mizigo ikichukuliwa na wapagazi. Masanduku ya dawa na vyombo vya kupasulia yalivuka nyika namna hiyo hiyo. Katika msafara ule alikuwamo nesi mmoja, Bibi Katharine Timpson, aliyezaliwa mwaka 1863 na kufundishwa kazi katika hospitali ya Guy's, London. Walifika Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda, mwezi wa Februari 1897. Mwaka 1900 wakaoana.

Kazi ya hospitali ilianza mwaka ule ule wa 1897, katika nyumba ndogo, na wagonjwa wakawa wengi kuliko vitanda. Mwaka 1901 Dakta Cook na ndugu yake, ambaye naye alikuwa daktari, waliwatambua pale Mengo wagonjwa wa kwanza wa malale, ugonjwa ulioua watu wengi mno kando ya Ziwa Victoria. Mwezi wa Novemba 1902 radi iliipiga hospitali, ikateketea kwa moto. Mtu mwingine angalirudi kwao. Wao wakajenga nyingine.

Lakini sifa ya Dakta Cook ninayotaka hasa wasomaji waiangalie si ya kujenga wala ya kupasua. Ni ya kuandika. Tangu siku za mwanzo madaftari ya wagonjwa yaliwekwa pale Mengo: ni nani aliyekuja, ameugua nini, amefanyiwa nini, na mwisho wake umekuwaje. Kazi hii ilifanywa jioni na watu waliochoka, tena ni kazi isiyo na shangwe. Mgonjwa akipona, kuandika ni rahisi. Akifa, kuandika ni kujishitaki mwenyewe, maana atakayesoma huenda akauliza kwa nini.

Umuhimu wa jambo hili ulikwisha onekana Ulaya. Huko Vienna, mwaka 1847, Dakta Ignaz Semmelweis alilinganisha hesabu za vifo vya wodi mbili za uzazi, moja ya wanafunzi wa udaktari na nyingine ya wakunga. Akaona kwamba katika ile ya wanafunzi wa udaktari, ambao walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda kuzalisha, akina mama walikufa zaidi sana. Akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini, na vifo vikapungua upesi. Hangaliweza kujua lolote kama hesabu zile zisingaliandikwa.

Wala tusidhani kwamba kabla ya Mengo hapakuwa na ujuzi katika nchi zetu. Mwaka 1879 mmisionari Mwingereza, Robert Felkin, alikuwa Kahura katika nchi ya Bunyoro, akaona waganga wa huko wakimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Walimpa pombe ya ndizi ili asisikie maumivu sana, na kwa pombe hiyo hiyo wakaosha mikono yao na tumbo lake. Palipotoka damu wakapachoma kwa chuma cha moto, na jeraha wakalifunga kwa pini za chuma. Felkin alipoondoka, siku kumi na moja baadaye, mama na mtoto walikuwa wazima. Habari hizi zilichapishwa mwaka 1884, ndiyo sababu tunazijua. Ujuzi uliokaa vichwani tu hufa pamoja na mwenye kichwa.

Sasa tutazame shida yenyewe. Mtoto akilala vibaya tumboni, au nyonga ya mama ikiwa nyembamba, uchungu huendelea siku mbili au tatu bila mtoto kutoka. Mwishowe kizazi, ambacho wengine hukiita mji wa mimba, huweza kupasuka. Hapo mtoto mara nyingi hufa, na daktari, ili amwokoe mama, huenda asiwe na njia ila kukitoa kizazi chenyewe. Mama akipona, hatazaa tena, na kila mmoja wetu ajua maneno ambayo mwanamke asiyezaa husemwa na majirani, na pengine na wakwe. Wengine uchungu mrefu huwaachia fistula, mkojo ukawa unatoka bila kuzuilika. Mambo haya daktari peke yake hawezi kuyamaliza, hata akiwa hodari namna gani, kwa sababu yeye yuko mjini na mama yuko shamba, mwendo wa siku mbili. Anayetakiwa ni mkunga aliye karibu, mwenye kuijua hatari ingali mbali.

Ndiyo sababu mwaka 1918 Bwana na Bibi Cook walianzisha pale Mengo shule ya kuwafundisha wasichana wa Uganda kazi ya ukunga. Baadaye shule hiyo ilipewa jina la Lady Coryndon, mke wa Gavana. Dakta Cook alikuwa amejifunza Kiganda vizuri, na mapema alikwisha tengeneza kitabu cha maneno ya udaktari katika lugha hiyo. Kwa ajili ya wakunga kikapatikana kitabu kiitwacho Amagezi Agokuzalisa, yaani maarifa ya kuzalisha. Waliofuzu walipelekwa katika vituo vya uzazi huko mashamba. Tangu mwaka 1921 Bibi Cook alikuwa msimamizi mkuu wa wakunga na mkaguzi wa vituo hivyo. Kazi hii ya ukaguzi haikuwa ndogo. Cheti huonyesha kwamba mtu alijua kazi siku ya mtihani. Ukaguzi ndio unaoonyesha kama bado anaifanya.

Haifai kuandika maisha ya mtu kana kwamba hakuwa na kosa. Mnamo mwaka 1908 ilitangazwa na daktari mmoja wa jeshi la Kiingereza kwamba zaidi ya nusu ya watu wa Uganda wana kaswende, na Dakta Cook aliliunga mkono neno hilo. Lawama nyingi ziliwaangukia wanawake na tabia zao, na watu wakalazimishwa kupimwa, jambo lililoleta aibu na manung'uniko. Baadaye wataalamu walionyesha kwamba hesabu ile ilikuzwa mno, na kwamba wengi wa wale wagonjwa yaelekea walikuwa na magonjwa mengine, kama buba. Hapa twajifunza kwamba kuhesabu peke yake hakutoshi. Ukihesabu huku umekwisha kata hukumu moyoni, hesabu yako itawaonea watu.

Mwaka 1932 Dakta Cook alipewa heshima ya kuitwa Sir. Bibi Katharine alifariki mwaka 1938, baada ya kuitumikia Uganda miaka arobaini na zaidi. Mumewe alibaki Kampala, akachapisha kitabu cha kumbukumbu zake mwaka 1945, akafariki huko tarehe 23 Aprili 1951.

Lakini madaftari hayakufa. Mwaka 1964 madaktari wa Kampala walichapisha uchunguzi wa ugonjwa wa saratani uliotoka katika habari za wagonjwa wa Mengo tangu 1897 hadi 1956. Ikadhihirika kwamba saratani haikuwa ngeni katika nchi, kama wengine walivyodhani. Wanawake waliougua zamani, ambao hawakupata dawa ya kuwaponya, waliwasaidia wajukuu wao kwa kuwa tu mtu fulani aliketi akaandika. Chuo Kikuu cha Makerere kina maktaba ya udaktari yenye jina la Albert Cook.

Je, mambo haya yatuhusu nini sisi wa Chumbageni? Yatuhusu sana. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 na 2016, Tanzania ilikadiriwa kupoteza akina mama 556 katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 hesabu hiyo ilishuka hadi 104. Ni maendeleo makubwa, lakini 104 ni akina mama wenye majina, na kila mmoja ameacha nyumba yenye kilio. Siku hizi mkunga ana chati maalum ya kufuatia uchungu, ambayo asili yake ni kazi ya madaktari wa Harare iliyochapishwa mwaka 1972. Humo huandika mapigo ya moyo wa mtoto na jinsi njia inavyofunguka, saa kwa saa, ili mama apelekwe kwa daktari kabla kizazi hakijapasuka. Chati isipojazwa, au ikijazwa baada ya mambo kwisha, ni karatasi tu. Hali kadhalika mama anapotolewa kizazi, kwa damu nyingi au kwa uvimbe au kwa saratani, kazi haiishi kwa kushona jeraha. Yapasa kuandikwa kwa nini kilitolewa, kama palikuwa na njia nyingine, kama kibofu kilisalimika, kama jeraha lilioza, na hali yake baada ya miezi. Hospitali isiyojiuliza maswali hayo haiwezi kujua kama inaponya au inadhuru.

Wenzangu wa kidato cha nne wengi watakwenda kusomea uuguzi, ukunga na udaktari. Wengine watakuwa makarani, walimu, mafundi. Kila kazi ina daftari lake, na katika kila daftari kuna siku ambayo mtu hutamani kuuruka mstari, kwa sababu ukweli wake hauna sifa. Mtu na asiuruke. Nao wazazi wasomao gazeti hili wasione haya kumwuliza nesi amendika nini katika kadi ya binti yao, maana habari ile ni ya binti yao kabla ya kuwa ya hospitali.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne