Rubani Aliyevaa Sare ya Adui

Watu wengi wakisikia jina Roland Garros hufikiria mashindano ya tenisi ya Paris, ati labda jamaa alikuwa bingwa wa mchezo huo. La hasha! Alikuwa rubani, tena mwana wa Bahari yetu ya Hindi, maana alizaliwa Saint-Denis, kisiwani Réunion, tarehe 6 Oktoba 1888. Mimi nakaa Kamere, karibu na Ziwa Naivasha, ambako zamani ndege kutoka Uingereza zilitua majini na abiria wao, kwa hivyo habari za marubani hunivutia sana.

Mwaka 1913 Garros alivuka Bahari ya Mediterania kutoka Ufaransa hadi Tunisia bila kutua, muda wa karibu saa nane juu ya maji matupu. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake.

Vita Kuu ya kwanza ikazuka, ile ile ambayo babu zetu walibebeshwa mizigo ya Waingereza. Shida ya marubani ilikuwa panga la mbele la ndege. Ukifyatua bunduki kupitia hapo, unajipiga mwenyewe! Garros akalifunga vipande vya chuma vya kukinga risasi, na tarehe 1 Aprili 1915 akaangusha ndege ya adui. Lakini siku kumi na saba baadaye alilazimika kutua Ubelgiji, sehemu iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Alijaribu kuiteketeza ndege na kujificha. Lo! Akashikwa, na ndege haikuungua yote. Wajerumani wakaona siri ile, na punde Fokker akawatengenezea bunduki bora kuliko yake. Marubani wengi wa Ufaransa wakaangamia.

Karibu miaka mitatu alihamishwa kambi hii hadi ile, macho yakizidi kufifia. Kule Magdeburg alikutana na Anselme Marchal, rubani aliyekuwa amedondosha karatasi za maneno juu ya Berlin mwaka 1916. Marchal alikijua Kijerumani barabara. Basi wakajitengenezea sare bandia za maafisa wa Kijerumani, na tarehe 14 Februari 1918 wakawapita walinzi na kutoka nje. Hebu fikiria, msomaji, kutembea katikati ya adui zako ukiwa umevaa nguo zao! Neno moja baya na mambo yameharibika. Wakasafiri hivyo mpaka Uholanzi, nchi ambayo haikuwa vitani, kisha Uingereza, halafu nyumbani.

Sasa hapa ndipo mimi huduwaa. Angeweza kupewa kazi ya ushauri, akae salama. Alikataa. Akavaa miwani kisiri ili asizuiliwe kuruka, akaanza kujifunza upya, kwa sababu ndege zilikuwa zimebadilika kabisa. Kwa maoni yangu ile ndege ambayo haikuungua ilikuwa bado inamkera moyoni.

Tarehe 5 Oktoba 1918 aliangushwa karibu na Vouziers, Ufaransa. Kesho yake angetimiza miaka 30, na vita vilikwisha mwezi uliofuata. Uwanja wa tenisi wa Paris ulipojengwa mwaka 1928, rafiki yake Émile Lesieur alishikilia upewe jina la Garros. Lakini mchezo waliokuwa wakishiriki pamoja ulikuwa raga. Mwenyewe amezikwa kule kule Vouziers.