Kadhi Aliyepima Maneno: Sayyid Ahmad bin Sumeit

Mkulima wa kahawa katika Itaka, hapa wilayani Mbozi, anapofariki akaacha mjane, watoto na ekari chache za shamba, na warithi wakafika mbele ya Mahakama ya Mwanzo, huulizwa kwanza marehemu aliishi maisha ya namna gani. Ikiwa aliishi kwa mila za kabila lake, mirathi hufuata mila. Ikiwa aliishi kwa dini ya Kiislamu, hapana budi mali igawanywe kwa sheria ya dini hiyo, na mjane mwenye watoto apate thumni yake. Lakini sheria hiyo imeandikwa katika kitabu gani, na ni nani waliowafundisha watu wa Afrika Mashariki kukisoma? Katika nyanda hizi zilizo mbali na pwani hutajwa Imamu Shafi, na ni haki atajwe. Hata hivyo Imamu huyo alifariki nchini Misri mwaka 820, na kati yake na sisi upo mnyororo mrefu wa wanavyuoni. Mmoja wao, ambaye jina lake halisikiki sana huku bara, ni Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit.

Alizaliwa Itsandra, katika kisiwa cha Ngazija, mwaka 1861. Ukoo wake ulitoka Shibam ya Hadhramaut, ule mji wa maghorofa ya udongo, na kama jamaa wengi wa Kihadhrami ulitawanyika katika Bahari ya Hindi kwa elimu na kwa biashara. Baba yake alikuwa mwanachuoni, na ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Kijana huyo alisafiri baharini kwa biashara, kisha akaenda Hadhramaut kuwatafuta maulamaa wa asili yake. Haikuwa ajabu katika zama zile mtu kuujua msimu wa kaskazi na kusi sawasawa na anavyoijua milango ya fikihi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alimpa ukadhi. Ikumbukwe kwamba nyumba ya kifalme ya Unguja ilikuwa ya madhehebu ya Kiibadhi, ilhali Waislamu wengi wa visiwani na mwambao walikuwa Mashafi. Kwa sababu hiyo walikuwako makadhi wa pande zote mbili, na Sayyid Ahmad akawa anawahukumu watu wa madhehebu yake chini ya mtawala asiyekuwa wa madhehebu hayo. Haukupita muda mrefu wakakosana. Kadhi aliyekosana na mfalme wake aghalabu huomba radhi au hunyamaza. Huyu alipanda chombo, akaenda zake.

Alifika Istanbul, makao makuu ya dola ya Uthmaniya. Huko alipokewa na Sayyid Fadhl bin Alawi, Mhadhrami mwenzake aliyezaliwa Malabar katika Bara Hindi, ambaye alipata kuitawala Dhofar kabla ya kuwa mtu wa karibu wa Sultani Abdulhamid wa Pili. Sultani huyo alimtunuku Sayyid Ahmad nishani. Baadaye alikwenda Misri na Makka, akazidi kusoma. Barghash alipofariki mwaka 1888, Sayyid Ahmad akarejea Unguja na kurudishiwa ukadhi. Hakuuacha tena mpaka alipofariki, muda wa zaidi ya miaka 35.

Na miaka hiyo haikuwa ya utulivu. Mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Waingereza. Mwaka 1896 aliviona vita vilivyomalizika kabla ya saa moja kupita, na jumba la mfalme likibomolewa kwa mizinga. Mwaka uliofuata utumwa ukapigwa marufuku. Mwaka 1905 serikali ya kikoloni iliunda tume ya kusimamia wakfu, na makadhi wakatakiwa kushirikiana nayo. Hatua kwa hatua mambo ya jinai na biashara yalitoka mikononi mwa makadhi, wakabakiwa hasa na ndoa, talaka na mirathi. Wapo watakaosema kwamba aliyebaki katika kiti cha namna hiyo aliwatumikia wageni. Neno hilo lina uzito, wala si la kupuuzwa. Lakini kama wenye elimu wote wangaliondoka, kesi za wajane na mayatima zingaliangukia kwa watu wasiojua hata istilahi za kitabu walichokishika. Hatari hiyo haikuwa ya kudhaniwa tu, kama tutakavyoona.

Kitabu chenyewe ni Minhaji, kilichoandikwa na Imamu Nawawi wa Sham, aliyefariki mwaka 1277. Katika pwani yetu hiki ndicho kitabu cha kadhi. Ni kifupi na kigumu, na ugumu wake umo katika maneno machache ambayo mwandishi aliyapa maana maalumu. Anapotaja kauli ya Imamu Shafi mwenyewe na kuiita azhar, yaani iliyo dhahiri zaidi, msomaji anapaswa kujua kwamba ipo kauli nyingine ya Imamu, nayo ina nguvu. Akiiita mash-hur, ile nyingine ni dhaifu. Inapokuwa rai ya wanafunzi waliomfuata Imamu, basi neno asahh huonyesha kwamba rai pinzani ina nguvu, na neno sahih huonyesha kwamba haina. Akisema qila, yaani imesemwa, basi rai hiyo haina nguvu. Tena kuna kauli ya kale na kauli mpya, kwa kuwa Shafi alibadilisha fatwa zake kadhaa alipohamia Misri, wala hakuona haya.

Msomaji wa haraka ataona maneno hayo yote ni mapambo. Kwa hakimu si mapambo hata kidogo. Neno moja humwambia kwamba hukumu aliyonayo imesimama imara. Jingine humwambia kwamba aliyeshindwa mbele yake naye alikuwa na hoja. Sayyid Ahmad alitunga kitabu kizima, Al-Ibtihaj, kwa kuzifafanua istilahi hizi. Vipo vitabu vyake vingine, lakini kwa maoni yetu hiki ndicho kinachotuonyesha mtu mwenyewe alivyokuwa: kadhi aliyetaka kila mwamuzi ajue ana yakini kiasi gani kabla ya kufungua kinywa.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 1914, yeye akiwa angali kadhi, Minhaji ilitolewa kwa Kiingereza na E. C. Howard. Howard hakuifasiri kutoka Kiarabu. Aliifasiri kutoka Kifaransa cha Mholanzi L. W. C. van den Berg, kilichochapishwa Batavia katika miaka ya 1880. Tafsiri hiyo ya tafsiri ndiyo iliyoshikwa na majaji wa kikoloni wa Afrika Mashariki. Mzani ule mwembamba wa Nawawi ulipita katika lugha mbili za Ulaya kabla ya kufika mezani kwao. Huku Tanganyika, sheria ya mwaka 1963 ilipounda mahakama za namna moja kwa raia wote na kuondoa zile za maliwali na makadhi, kazi ya kuhukumu kwa sheria ya Kiislamu iliwaangukia mahakimu wa Mahakama za Mwanzo, ambao wengi wao hawakupata kuisoma Minhaji kwa lugha yoyote. Zanzibar makadhi wangali na mahakama zao kwa mujibu wa sheria.

Sayyid Ahmad hakufanya kazi peke yake. Rafiki yake wa roho alikuwa Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, aliyefundisha Ukutani mjini Unguja, na ambaye alisafiri hadi Cape Town kusuluhisha ugomvi wa Waislamu wa huko. Wanafunzi walikuja kwao kutoka kila upande wa mwambao. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na kuanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, alipata sehemu ya elimu yake kwa Sayyid Ahmad.

Bakathir alifariki mwezi wa Aprili 1925. Sayyid Ahmad alimfuata mwezi wa Mei mwaka huo huo, akazikwa mjini Unguja. Mwanawe, Sayyid Omar, alishika ukadhi baadaye, akaondoka visiwani baada ya Mapinduzi ya 1964 na kumalizia umri wake Ngazija. Habari za baba na mwana, pamoja na za wanavyuoni wenzao wa Kishafi, zilikusanywa kwa Kiswahili na Sheikh Abdallah Saleh Farsy katika kitabu alichokitoa mwaka 1972.