J.L.B. Smith: Mkemia aliyemsaka samaki wa kale kwa miaka 14

MNAMO Januari 3, 1939, barua iliyokawia njiani ilimfikia mhadhiri wa kemia aliyekuwa likizoni mjini Knysna, katika pwani ya Afrika Kusini. Ndani yake mlikuwa na mchoro wa samaki ambaye wanasayansi waliamini kuwa jamii yake ilitoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita, pamoja na dinosaria.

Mhadhiri huyo alikuwa James Leonard Brierley Smith, na tangu siku hiyo maisha yake hayakuwa tena ya mtu wa maabara.

Smith alizaliwa mwaka 1897 mjini Graaff-Reinet. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alipelekwa Afrika Mashariki kupigana na Wajerumani, akarejea kwao akiwa mgonjwa, na maradhi yakamwandama maishani. Alipata shahada ya uzamifu ya kemia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kisha akafundisha somo hilo katika chuo cha Rhodes mjini Grahamstown, ambao tangu 2018 unaitwa Makhanda. Elimu ya samaki aliipata kwa mapenzi ya kuvua tu.

Mchoro ule ulitoka kwa Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makavazi ya mji wa East London. Desemba 22, 1938, meli ya uvuvi ya Nerine ilikuwa imeleta bandarini samaki wa rangi ya samawati, mwenye urefu wa mita moja u nusu na uzito wa kilo 57 hivi, ambaye mapezi yake yalikuwa manene yenye nyama, mfano wa miguu.

Bi Courtenay-Latimer alihangaika kutafuta chumba baridi cha kumhifadhi, asipate. Kwa vile joto lilikuwa kali na samaki alianza kuoza, ilibidi akaushwe. Viungo vyote vya ndani pamoja na matamvua vikatupwa.

Smith alituma telegramu akisihi mifupa na matamvua vihifadhiwe, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Alipomwona samaki huyo Februari 1939, hakuwa na shaka tena kwamba ni silikanti. Alimpa jina la Latimeria chalumnae, kwa heshima ya bibi huyo na kwa ukumbusho wa mto Chalumna, ambao karibu na mlango wake ndipo alipovuliwa.

Hasara hiyo haikuwa ndogo. Visukuku huhifadhi mifupa, meno na magamba, lakini ni nadra kuhifadhi pafu au moyo. Kwa sababu hiyo, swali la jinsi viumbe wa majini walivyopata kupumua hewa lilikuwa gumu kujibiwa kwa mawe peke yake. Silikanti walihesabiwa kuwa karibu na ukoo uliozaa wanyama wa nchi kavu. Sasa mmoja wao alikuwa amepatikana, na viungo vilivyohitajika zaidi vikaishia jaani.

Smith aliazimia kumpata wa pili. Akisaidiwa na mkewe, Margaret, alizunguka pwani ya mashariki ya Afrika akigawa vikaratasi vyenye picha ya silikanti, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, vikiahidi zawadi ya pauni 100. Mnamo 1952, huko Zanzibar, vikaratasi hivyo vilimfikia nahodha Eric Hunt, aliyefanya biashara baina ya kisiwa hicho na Visiwa vya Komoro.

Desemba 20 mwaka huo, mvuvi Ahamadi Abdallah alimvua silikanti katika kisiwa cha Anjouan. Wenyeji hawakumwona kuwa ajabu, kwani walimjua tangu zamani kwa jina la gombessa. Hunt alimtia chumvi na kumdunga dawa ya fomalini, kisha akampelekea Smith habari. Smith alimwomba Waziri Mkuu D.F. Malan ndege ya kijeshi, akapewa. Alipomwona samaki huyo, miaka 14 tangu yule wa kwanza, alitokwa na machozi.

Hata hivyo, Komoro ilikuwa chini ya Ufaransa, nayo Ufaransa ikawafungia mlango watafiti wa kigeni. Silikanti waliofuata walipelekwa Paris, ambako Jacques Millot na Jean Anthony waliwachunguza. Badala ya pafu lenye kufanya kazi, walikuta kiungo kilichojaa mafuta. Silikanti huishi kwenye kina kirefu na hupumua kwa matamvua.

Smith alijitoa uhai Januari 1968, afya yake ikiwa imezorota. Hakuwahi kujua mwisho wa swali lililoanzia jaani.

Mwaka 2015, watafiti waliopiga picha za eksirei za silikanti wa umri mbalimbali walionyesha kwamba kiinitete kina pafu kubwa kiasi, ambalo baadaye hudumaa. Kwa waliokomaa, pafu hilo limezungukwa na vibamba vidogo vigumu. Vibamba vya namna hiyo vimo pia katika visukuku vya silikanti wa kale, vikilizunguka pafu kubwa zaidi. Yaani mababu zao walivuta hewa, na pafu lilikuwako kabla ya mguu.

Uchunguzi wa jeni wa mwaka 2013 nao ulibainisha kwamba aliye jamaa wa karibu zaidi wa wanyama wa nchi kavu si silikanti, bali ni samaki wa ukoo wa kamongo, ambao wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria huwajua vyema.

Silikanti mwingine alinaswa karibu na Malindi mwaka 2001, na kuanzia 2003 wengi wakavuliwa Tanzania, hasa Tanga. Walikuwa katika bahari ile ile ambayo Smith aliisafiria akigawa vikaratasi vyake.