Kosa la Weyl ni funzo kwa walimu

Kila ninaposahihisha madaftari ya hisabati, humkumbuka Hermann Weyl, mtaalamu aliyezaliwa Elmshorn, Ujerumani, mwaka 1885.

Mwaka 1918, akifundisha Zürich, Weyl alitoa wazo geni. Alidai kuwa kila mahali ulimwenguni pana uhuru wa kuchagua kipimo chake cha urefu, na kwamba kanuni inayoviunganisha vipimo vya mahali jirani ndiyo chanzo cha umeme na sumaku. Einstein alilisifu wazo hilo, kisha akalipinga. Lingekuwa kweli, atomi mbili za aina moja zilizopitia njia tofauti zingetoa mwanga wa rangi tofauti. Jambo hilo halionekani.

Weyl hakukubali kwa wepesi, wala hakuitupa kazi yake. Mwaka 1929 alionyesha kuwa kinachochaguliwa kwa uhuru si urefu, bali awamu ya wimbi la elektroni, yaani hatua lililofikia katika kupanda na kushuka kwake. Muundo wa hesabu ulibaki karibu ule ule. Maana ndiyo iliyogeuka.

Mwaka 1933 aliwakimbia Wanazi, kwani mkewe alikuwa wa asili ya Kiyahudi, akahamia Princeton, Marekani. Mwaka 1954 Yang na Mills walilipanua wazo lake, nalo leo ni nguzo ya fizikia ya chembe. Weyl alifariki mwaka uliofuata.

Walimu wenzangu, jibu likikosewa, tusome kwanza njia iliyofuatwa kabla ya kutia wino mwekundu. Nanyi wanafunzi, msiyachane madaftari yenu.