Maisha ya Hans Meyer, Mpandaji wa Kibo

Mtu atokaye Ipogolo na kupanda kilima hata kufika mjini Iringa hutweta kidogo. Naye aliyepanda mlima Rungwe, wenye mita 2,961, hurudi kwake na habari ya kusimulia. Lakini Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kina mita 5,895, yaani karibu mara mbili ya Rungwe. Baridi ya Juni ituumizayo huku nyanda za juu si kitu mbele ya baridi ya huko, maana huko barafu haiondoki mwaka mzima. Basi wasomaji wetu na wasikie habari za mtu aliyeuendea mlima huo mara tatu kabla hajakikanyaga kilele chake.

Hans Meyer alizaliwa tarehe 22 Machi 1858 katika mji wa Hildburghausen, Ujerumani. Jamaa zake walikuwa wapiga chapa, na babu yake, Joseph Meyer, ndiye aliyeianzisha nyumba yao ya vitabu, iliyojulikana sana kwa kitabu chake kikubwa cha maarifa. Hans alipokwisha kusoma alisafiri nchi nyingi, kisha akashika kazi katika nyumba ya baba yake mjini Leipzig. Mali hakukosa, lakini moyo wake ulivutwa na milima.

Habari ya Kilimanjaro ilikuwa imekwisha kufika Ulaya. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji juu yake, akaandika habari hiyo. Na wako wenye elimu waliomcheka, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Baadaye Baron von der Decken alikwenda, akashuhudia kwamba Rebmann alisema kweli. Mwaka 1871 mmisionari Charles New aliifikia theluji yenyewe. Walakini hapana katika hao aliyefika juu.

Mwaka 1887 Meyer alijaribu mara ya kwanza, pamoja na Baron von Eberstein. Mwenziwe alichoka, akabaki nyuma. Meyer akaendelea mpaka akakutana na ukuta wa barafu. Zana za kuipasulia barafu hakuwa nazo, wala mtu wa kushikana naye kamba. Akarudi.

Mwaka 1888 alikuja tena na Oscar Baumann, Mwaustria mwenye elimu ya nchi. Wakati huo watu wa Mrima walikuwa wameinuka kupigana na Kampuni ya Wajerumani iliyotaka kuwatawala, na mkuu wao alikuwa Abushiri bin Salim. Meyer na Baumann walikamatwa, wakatiwa minyororo, wasipate kufunguliwa hata ilipolipwa fidia kubwa. Safari ile ikaisha bila mlima kukanyagwa.

Wengi wangaliacha hapo. Meyer alikaa akatafuta sababu za kushindwa kwake, akaziona mbili. Kwanza, alihitaji rafiki aijuaye barafu kama fundi ajuavyo kazi yake. Akampata Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo mjini Salzburg, mtu aliyekwisha kupanda vilele vingi sana vya Alpi, tena mara nyingi bila kiongozi. Pili, aliona ya kuwa anayepanda na chakula cha siku chache hushindwa na njaa kabla ya kushindwa na mlima. Akikosea njia siku moja, hana budi kushuka. Kwa hiyo wakapanga kuweka kambi mbalimbali kutoka Marangu mpaka juu, na wapagazi wawe wakileta chakula kila baada ya siku chache. Hivyo wakishindwa leo, wangeweza kupumzika palepale na kujaribu tena.

Mwaka 1889 walifika Marangu, na Mangi Marealle akawapokea vizuri. Wakapita msituni, wakafika uwanda mkavu ulio kati ya Kibo na Mawenzi, wakapiga hema. Huko alikaa pamoja nao Mwini Amani, mtu wa Pangani, mzaliwa wa pwani yenye joto, aliyekubali kulinda kambi katika baridi ile.

Tarehe 3 Oktoba, kabla ya mapambazuko, wale rafiki wawili waliondoka. Walipofika kwenye barafu wakafungana kamba, wakaanza kuchonga ngazi kwa shoka, hatua moja baada ya moja. Pumzi ikawa haba, kila baada ya hatua chache wakasimama. Yapata saa nane mchana walifika ukingoni mwa shimo kubwa la Kibo. Ndipo walipoona kwamba kilele chenyewe kiko mbali kidogo, upande wa kusini. Kilionekana wazi, lakini jua lilikuwa limekwisha kupinduka, na kulala barafuni ni kufa. Wakageuka, wakashuka.

Hapo ndipo shauri lao la kambi lilipowafaa. Walipumzika, na tarehe 5 wakalala pangoni karibu zaidi na barafu. Tarehe 6 Oktoba 1889 walizikuta ngazi zao zingali zinafaa, na saa nne na nusu asubuhi wakasimama juu ya kilele. Siku hiyo Purtscheller alitimiza miaka 40. Meyer alikipa kilele jina la Kaisari Wilhelm. Baadaye waliuendea Mawenzi pia, lakini miamba yake iliwashinda. Mlima huo haukupandwa hata mwaka 1912.

Purtscheller alikufa mwaka 1900, baada ya ajali ya mlimani Ulaya. Meyer alirudi Kibo mwaka 1898, akaona ya kuwa barafu imepungua. Na kweli, katika barafu iliyokuwako mwaka 1912, zaidi ya sehemu nne katika tano zilikuwa zimetoweka kufikia mwaka 2011. Mwaka 1915 akawa profesa mjini Leipzig, akafa huko tarehe 5 Julai 1929.

Jina la Kaisari halikudumu. Baada ya uhuru wa Tanganyika, uliopatikana mwaka 1961, kilele kilipewa jina la Uhuru. Na mwaka 1989, ulipoadhimishwa mwaka wa mia, aliheshimiwa mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu kuwa miongoni mwa walioongoza safari ile. Ilikuwa haki. Maana wawili walikanyaga kilele, lakini chakula walichokula kilipanda juu ya vichwa vya watu wa Marangu, na hema waliyoirudia usiku ilikuwa na mlinzi.