Mjue Frederick Johnson, Mwingereza aliyekipanga Kiswahili kwenye kamusi akiwa Dar

Ukiingia Kariakoo ukauliza bei ya kabati, utajibiwa kwa shilingi. Hapo hujaongea Kiingereza hata kidogo, lakini maneno yote matatu asili yake ni huko.

Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waliwekwa eneo hilo baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam Septemba 1916. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na njaa, siyo kwa risasi. Kabati, kwa Waingereza wa kale, lilikuwa ubao wa kuwekea vikombe. Na shilingi? Hiyo ndiyo kongwe kuliko zote. Wenyewe waliiacha 1971, sisi bado tunaihesabu.

Ni katika mji huu, maneno ya namna hiyo yakiendelea kuingia mdomoni mwa watu, ndipo Frederick Johnson alipofanyia kazi iliyomjengea jina. Kila aliyesoma Kiswahili kwa dhati amesikia habari za "kamusi ya Johnson". Mwenyewe anajulikana kidogo sana.

Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Hakuishia kwenye Kiswahili tu, maana aliandika pia kuhusu Kimakonde na kukusanya hadithi za Wanyiramba. Vilevile alitafsiri vitabu vya Kiingereza kwa ajili ya shule, na Alfu Lela Ulela aliishughulikia pamoja na Edwin Brenn.

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Kimvita, chenye mashairi ya karne nyingi, kikawekwa pembeni. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Ofisi ikawa Dar es Salaam, na katibu wake wa kwanza akawa Johnson.

Usidhani ulikuwa ukatibu wa kupiga mihuri tu. Kamati ilipitia vitabu vya shule, ikaamua tahajia, ikaamua neno lipi ni sahihi na lipi la mtaani. Na katika miaka hiyo ya mwanzo haikuwa na mjumbe hata mmoja Mwafrika. Yaani wenye lugha walikuwa nje, wanasubiri kuambiwa wanavyotakiwa kuiandika!

Kamusi yenyewe hakuianza sifuri. Alijenga juu ya kazi ya Madan, mmisionari wa Zanzibar aliyetoa kamusi zake 1894 na 1903. Johnson na wenzake waliongeza maneno, wakapanua maana, wakaonyesha neno limetoka Kiarabu, Kihindi, Kireno au Kiingereza. Mpangilio wake unasumbua kidogo, kwa sababu maneno ya mzizi mmoja yamewekwa pamoja. Ukitaka habari za mpishi, nenda kwenye pika. Asiyeijua sarufi hupotea humo nusu saa nzima.

Tatizo kubwa lilikuwa jingine. Maana zote zilielezwa kwa Kiingereza. Bwana shauri aliweza kuitumia, mmisionari pia. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyejua Kiswahili tu, angeifungua ya nini?

Ndiyo maana binafsi naona kazi yake ya maana zaidi ni ile isiyotajwa sana, Kamusi ya Kiswahili ya mwaka 1935. Ni ndogo, lakini humo neno la Kiswahili linaelezwa kwa Kiswahili, bila mkalimani.

Zile kamusi mbili kubwa, Kiswahili kwa Kiingereza na Kiingereza kwa Kiswahili, hakuziona zimechapwa. Johnson alifariki 1937. Oxford University Press ilizitoa 1939, kila moja ikiwa na zaidi ya kurasa 500.

Kamati ilihamia Nairobi mwaka 1942, ikapita Makerere na Mombasa, kisha miaka ya 1960 ikarudi Dar es Salaam na hatimaye kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI. Mwaka 1981 TUKI ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Safari hii maana zote ziliandikwa kwa Kiswahili, na walioziandika walikuwa wenye lugha wenyewe.