Habari za Maisha ya Thomas Graham, Mwalimu wa Livingstone

Sisi tukaao karibu na Mto Ruvuma twazijua habari za Daktari Livingstone, aliyeingia mto huo kwa merikebu ya moshi, Machi, 1861, akageuka kwa kuwa maji yalikuwa yakipungua. Mwalimu wake wa kemia, Thomas Graham, wamjuao ni wachache. Naye mwaka ule ule alitangaza huko London jambo ambalo leo lawaweka hai wagonjwa wengi wa mafigo.

Graham alizaliwa Glasgow, Uskochi, Desemba, 1805. Baba yake alikuwa mwenye kiwanda cha nguo, akataka mwanawe awe mchungaji wa Kanisa. Kijana aliingia Chuo Kikuu mwaka 1819, akasikia masomo ya kemia, na moyo wake ukanasa huko. Baba akakasirika, akamkatia fedha. Basi akaenda Edinburgh, akajilisha kwa kufundisha na kuandika, na mama yake akamsaidia. Si jambo dogo kumkatalia baba, hasa baba akitakaye kazi ya Mungu! Mwaka 1830 akapata kufundisha katika chuo cha Anderson, Glasgow. Ndiko Livingstone, kijana wa kiwanda cha pamba, alikomsikiliza. Mwaka 1837 akahamia London, na mwaka 1855 akawa Mkuu wa kiwanda cha sarafu cha Serikali, kazi aliyopata kuifanya Newton.

Lakini sarafu hazikumwachisha majaribio yake. Alitwaa duara kama chekecheke, akaiwamba kwa karatasi ngumu ifananayo na ngozi, akaielekeza juu ya maji. Akitia chumvi au sukari ndani, hupenya mpaka majini; gundi haipenyi, kwa kuwa chembe zake ni kubwa. Akatia mkojo, na urea ikapenya. Kazi hiyo akaiita dialisisi. Mama zetu wajua jambo lililo karibu na hilo: papa wa chumvi akilowekwa, chumvi hutoka na nyama hubaki; na maji yasipobadilishwa, chumvi huacha kutoka.

Graham alikufa Septemba, 1869, hajaoa, wala hakuona mgonjwa hata mmoja akisafishwa damu. Georg Haas alijaribu kwa mtu huko Ujerumani mwaka 1924. Kisha Willem Kolff, huko Kampen, Uholanzi, wakati wa vita, alitengeneza mashine mwaka 1943 kwa utando mwembamba wa kufungia soseji. Wagonjwa wake wa kwanza walikufa karibu wote. Mwaka 1945 akapona mama mmoja wa miaka 67.

Mashine za leo zafuata njia ile ile. Damu hupita upande mmoja wa utando, na maji safi yenye chumvi za kadiri upande wa pili, yakibadilishwa daima. Urea, kreatinini na potasi iliyozidi, ambayo huweza kuusimamisha moyo, huvuka. Chembe za damu na protini hubaki. Kwa muda wa saa nne urea hushuka kwa theluthi mbili hivi. Ila mwili haukomi kuitengeneza, na kesho yake imekwisha anza kupanda tena. Ndiyo maana mgonjwa huunganishwa na mashine mara tatu kwa juma, na aliyekufa mafigo yake hawezi kukaa mbali nayo.